Betri Idumuyo na Betri Ibadilikayo: Ni Kompyuta Gani Ifaayo Nyumba Yetu?



Kila mwaka, masomo ya vyuo yanapokaribia kuanza, wazazi wengi wa Uvira hujiwa na ombi lile lile. Mwana amekwisha pata diploma yake ya serikali, sasa ajitayarisha kuingia chuo, naye asema: "Baba, Mama, pasipo kompyuta sitaweza." Wala hasemi uongo. Kazi ya mwisho wa masomo haiandikwi tena kwa mkono, na vitabu vingi vya masomo havipatikani ila kwa njia ya kompyuta. Basi wazazi hukusanya fedha: huyu za ndagala, huyu za mihogo, huyu za mbuzi wawili waliotunzwa kwa ajili ya jambo kubwa. Kisha huenda dukani.

Hapo ndipo taabu ianzapo. Mwenye duka huinua mashine mojawapo na kuisifu kwa maneno matatu. Kwanza: "Ni nyepesi, mtoto ataibeba kama daftari." Pili: "Betri yake hudumu kutwa." Tatu: "Baadaye mnaweza kuiongezea nguvu." Mzazi husikia, hufurahi, hutoa fedha. Mwaka wa pili au wa tatu ndipo atambuapo kwamba katika sifa zile tatu, moja au mbili hazikuwamo.

Wazee walisema: mshika mbili moja humponyoka. Huyu amejaribu kushika tatu. Leo nataka tuyaangalie mambo hayo matatu, yaani wepesi, maisha ya betri, na uwezo wa kufunguliwa na kuongezewa, tupate kujua ni lipi la kushika kwanza huku kwetu, na lipi la kuachia. Kwa maana fedha za mbuzi wale hazipatikani mara mbili.

Kwa nini matatu hayakai pamoja

Kwanza tuelewe betri. Akiba ya umeme iliyomo ndani yake hupimwa kwa wati-saa. Kompyuta nyingi za kubebeka zina betri ya wati-saa 40 hadi 60. Ikiwa mashine yala wati 10 mtu anapoandika, betri ya wati-saa 50 itamtumikia saa 5. Ukitaka saa 10, zipo njia mbili tu. Njia ya kwanza ni kuweka betri kubwa mara mbili, na uzito wake utakuwa mara mbili. Njia ya pili ni kuifanya mashine ile umeme kidogo.

Wahandisi wa viwanda vikubwa wamefuata sana njia ya pili, na matunda yake ni makubwa. Lakini tazameni walivyofanya. Zamani kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM, ilikuwa kipande cha peke yake, kilichochomekwa katika tundu lake. Fundi aliweza kukitoa na kutia kikubwa zaidi. Tundu lile lachukua nafasi, laongeza unene, na laurefusha mwendo wa umeme kati ya RAM na prosesa, ambayo ndiyo moyo wa mashine. Kwa hiyo RAM ikaondolewa tunduni, ikalehemiwa juu ya ubao mkuu karibu kabisa na prosesa. Umeme ukapungua, mashine ikawa nyembamba. Lakini tangu siku ile, kiasi ulichonunua ndicho utakachokuwa nacho hata mwisho.

Mambo ya betri ni vivyo hivyo. Betri itolewayo kwa mkono yahitaji ganda gumu lake lenyewe, na komeo la kuishika. Ganda lile ni uzito, na nafasi yake ingaliweza kujazwa umeme. Basi wakalivua ganda, wakaibandika betri ndani kwa gundi. Mashine ikawa nyepesi, saa zikaongezeka, na mlango ukafungwa.

Historia yatuonyesha jambo hili wazi. Mwaka 1981 ilitoka Osborne 1, mojawapo ya kompyuta za kwanza kuuzwa kwa wingi kwa sifa ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11, nayo haikuwa na betri ndani yake. Ilibebeka kama mzigo wa muhogo, kutoka ukuta wenye umeme hadi ukuta mwingine wenye umeme. Mwaka 1983 ilikuja TRS-80 Model 100, yenye kilo 1.4 tu. Ilitumia betri 4 ndogo za kawaida, kama zile za tochi ndogo, ikafanya kazi karibu saa 20, na waandishi wa magazeti waliipenda sana. Lakini kioo chake kilionyesha mistari 8 tu ya maandishi. Umeme ulipatikana kwa kupunguza kazi.

Januari 2008 Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya karatasi mbele ya watu, nao wakashangilia. Uzito wake ulikuwa kilo 1.36. RAM yake ililehemiwa, na betri yake haikuwa ya kutolewa na mwenye mashine. Mwaka 2020 kampuni ile ile ikatoa MacBook Air yenye prosesa iitwayo M1: kilo 1.29, betri ya karibu wati-saa 50, nayo kwa hesabu ya kampuni yenyewe hufika saa 15 za kusoma kurasa za intaneti. Hilo ni jambo la ajabu kweli, wala hatuna haja ya kulibeza. Lakini RAM imewekwa pamoja na prosesa, na diski pia imelehemiwa. Ubao mkuu ukifa, yaliyomo yamekufa pamoja nao, ila kama mwenyewe alikuwa ameyanakili mahali pengine.

Upande wa pili iko Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo leo yapatikana katika biashara ya mitumba. Ina matundu 2 ya RAM, diski ya kutolewa, na betri 2: moja ndogo ya wati-saa 24 ndani, na moja ya nyuma ambayo yaweza kufika wati-saa 72. Ile ya nyuma hutolewa kwa mkono, na mashine haizimiki, kwa sababu ile ya ndani huishikilia. Lakini ukiitia betri kubwa, uzito wakaribia kilo 2, na betri yake inavimba chini kama nundu. Mwaka uliofuata ilitoka T490. Ikawa nyembamba zaidi. Betri ya nyuma ikaondolewa, na sehemu ya RAM ikalehemiwa. Hapo mwaona jinsi mizani ilivyoinama.

Je, ni tamaa ya wafanya biashara tu? Si tamaa tu, ijapokuwa mwenye kiwanda hapati hasara mteja anapolazimika kununua RAM yote siku ya kwanza kwa bei ya kiwanda. Kampuni ya Framework, iliyoanza mwaka 2021 kuuza kompyuta za kubebeka zinazofunguliwa zote kwa bisibisi moja, nayo mwaka 2025 ilitoa kompyuta ya mezani ambayo RAM yake imelehemiwa, kwa kuwa prosesa waliyoichagua ilitaka mwendo wa kasi mno. Tena wengine wanatafuta dawa: tangu mwaka 2024 zipo mashine chache, kama ThinkPad P1 ya kizazi cha 7, zenye RAM ya namna mpya iitwayo LPCAMM2, isiyokula umeme mwingi na tena yafunguliwa kwa skrubu. Dawa hiyo bado ni ya ghali.

Mizani ya Uvira si mizani ya Ulaya

Sasa tuje kwetu. Makala nyingi za kushauri wanunuzi zimeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, ambao duka la kiwanda liko mtaani mwao, na ambao hubadili mashine kila baada ya miaka michache. Kwao, betri ni kitu cha safarini. Kwetu sivyo.

Umeme wa Uvira kwa kawaida hutoka katika mitambo ya mto Ruzizi iliyo karibu na Bukavu. Twajua sote jinsi unavyokuja na kuondoka. Mwenye kompyuta ya mezani anaandika, ukurasa wa tatu u karibu kwisha, mara giza. Na maneno ambayo hakuyahifadhi yametoweka. Kwa hiyo huku kwetu betri ni ngao ya nyumbani pia. Hata kompyuta isiyotoka chumbani mwaka mzima yahitaji betri iliyo hai.

Lakini betri huzeeka. Betri hizi za lithiamu huchakaa kwa kujazwa na kumalizwa: baada ya mara 300 hadi 1,000, kadiri ya ubora wake, huanza kuonekana imepungua. Tena huchakaa upesi zaidi penye joto, na sisi twakaa kandokando ya ziwa, katika joto la bonde la Ruzizi, wengi chini ya mabati. Betri iliyokuwa na wati-saa 50 siku ya kununuliwa, baada ya miaka mitatu yaweza kuwa na 30. Saa 5 zimekuwa 3. Mwaka mwingine, zimekuwa saa 1.

Hapo ndipo neno langu la leo lilipo. Muuzaji husifu betri idumuyo. Mimi nasema: ulizeni kwanza kama ni betri ibadilikayo. Saa 15 za siku ya kwanza ni ahadi ya miaka michache. Betri ambayo fundi wa Mulongwe au Kalundu aweza kuitoa kwa bisibisi, ile tuiitayo turnavisi, na kutia nyingine, huirudishia mashine maisha mara ya pili na ya tatu. Kwa nyumba ambayo itanunua kompyuta moja kwa miaka minane au kumi, hesabu hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya nusu kilo begani.

Lakini hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kutengenezeka ni kitu kimoja, na kuongezeka ni kitu kingine. Jirani zetu wa Rwanda, tangu mwaka 2008, waliwagawia watoto wa shule kompyuta ndogo za XO, zaidi ya 200,000. Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 1.5 hivi, ilikula wati chache tu, betri yake ilitolewa kwa mkono, na waliyoiunda walificha skrubu za akiba ndani ya mpini wake ili mtoto asikwame kwa kupotewa na moja. Ilikuwa nyepesi, yenye kula umeme kidogo, na yenye kufunguka! Ilikosa nini basi? Ilikosa nguvu, na RAM yake ya megabaiti 256 haikuongezeka. Programu za ulimwengu zilipokua, yenyewe ilibaki pale pale. Yatufundisha kwamba yafaa kuuliza maswali mawili: "Ikivunjika, yatengenezwa?" na "Kazi ikikua, yaongezwa?"

Mzigo wa kukimbia nao

Liko jambo jingine ambalo makala za Ulaya hazilitaji. Aprili 2020 mito ya Uvira ilifurika, maji na mawe yakaingia majumbani, watu wakafa na maelfu wakakosa makao. Mara nyingine ziwa lenyewe limepanda hadi mitaani. Desemba 2025 vita vilipofika mjini, maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Siku kama hizo mtu hashiki kwanza kompyuta. Hushika mtoto mdogo, mkono wa mzee, sufuria na nguo.

Wengine watasema: basi hapo ndipo wepesi ushindapo. Ni kweli kwa nusu. Kilo 1.3 hubebeka kuliko kilo 2, na kilo 2 hubebeka kuliko kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake. Lakini fikirini vema: ni kitu gani kilichokuwa na thamani ndani ya mashine? Ni kitabu cha mwanafunzi alichokiandika miezi tisa, ni maksi za shule nzima, ni nakala za hati za kiwanja, ni picha za marehemu bibi. Mashine hununuliwa tena, hayo hayanunuliwi.

Diski ya SSD ya namna ya zamani kidogo, ile ya ukubwa wa kiganja, ina uzito wa gramu 50 hivi. Ile mpya ya kijiti haifiki hata gramu 15. Katika mashine inayofunguka, mtu mwenye bisibisi hutoa diski kwa dakika chache, akaitia mfukoni, akaiacha mashine. Na mashine ikilowa maji ya mafuriko ikafa, diski ambayo haikuguswa na maji yaweza kuhamishiwa katika mashine nyingine, nayo ikasomeka. Katika mashine ambayo diski yake imelehemiwa, njia hiyo haipo.

Hata hivyo, nyote mnaonisoma, mwenye mashine nyepesi na mwenye mashine nzito, msingoje siku ya kukimbia. Nunueni flashi au diski ndogo ya nje, mnakili kazi zenu kila juma, na nakala hiyo ikae katika nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa rafiki mwaminifu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la siku hizi ni nakala ya pili.

Nani achague nini

Tusitoe hukumu moja kwa watu wote. Tuwatazame watatu.

Wa kwanza ni yule ambaye kazi yake ni kutembea. Muuguzi aandikaye habari za chanjo kutoka Makobola hadi Mboko, mwandishi wa habari, mtu apandaye kwa miguu milimani kuelekea Minembwe, au asafiriye kwa mashua kutoka Kalundu kwenda Baraka. Huyu atakuwa siku nzima bila umeme, na mgongo wake ndio gari. Kwake mashine nyepesi iliyofungwa yafaa, hasa kama shirika limwajirilo ndilo litakaloibadilisha ikichoka. Akiinunua kwa fedha zake mwenyewe, asinunue RAM ndogo kwa ajili ya kubana bei. Gigabaiti 16 za leo ni afadhali kuliko majuto ya kesho, kwa kuwa hakuna kuongeza.

Wa pili ni mwenye chumba cha kuchapisha na kutoa nakala, au shule yenye darasa la kompyuta. Mashine zake hazitembei. Kompyuta ya mezani ndiyo rahisi kufunguliwa na kuongezewa kuliko zote: kila kipande chake hubadilishwa peke yake. Lakini apige hesabu ya umeme kabla. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake yaweza kula wati 80. Chukueni betri ya jua ya volti 12 na ampea-saa 100. Ndani yake mna wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, basi tuna 600. Kompyuta ya mezani itaimaliza kwa saa 7 na nusu. Kompyuta ya kubebeka ilayo wati 15 itakwenda saa 40. Tukiondoa umeme upoteao njiani, saa hizo zitapungua pande zote mbili, lakini tofauti yabaki. Mwenye kutumia jenereta, ile grupu iungurumayo, ataiona tofauti hiyo katika bei ya mafuta. Kwa hiyo shule yenye umeme wa jua yaweza kupata faida zaidi kwa kompyuta za kubebeka za mitumba zilizowekwa mezani na kufungwa kwa mnyororo, kuliko kompyuta za mezani zenyewe.

Wa tatu ni mwanafunzi, mwalimu, nyumba ya kawaida. Ndio walio wengi, na kwa ajili yao hasa nimeandika. Huyu hubeba mashine mara kadha kwa juma, si kutwa. Umeme humkatikia kila mara. Fedha zake ni mara moja. Kwake nashauri kompyuta ya kubebeka ya ofisi, ya mtumba, yenye RAM ya tunduni, diski ya kutolewa, na betri ya kutolewa kwa mkono au iliyofungwa ndani kwa skrubu tu. Itakuwa nzito kidogo. Haitamfurahisha atakayeitazama. Lakini mwaka wa kwanza atainunua na gigabaiti 8. Mwaka wa tatu, akipata fedha kidogo, ataongeza 8 nyingine. Mwaka wa nne atabadili betri. Kwa njia hiyo gharama inagawanyika kama inavyogawanyika riziki yetu wenyewe. Mashine iliyofungwa yadai fedha yote siku moja, nasi wengi hatupati fedha yote siku moja.

Kabla ya kutoa fedha

Mitumba ina mitego yake. Basi shikeni haya matano.

1. Ulizeni umri wa prosesa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali mashine nyingi za zamani. Kwa prosesa za Intel za namna ya i3, i5 na i7, tafuteni kizazi cha 8 na kuendelea. Imeandikwa kama i5-8250U: hiyo 8 ifuatayo kistari ndiyo kizazi. Mashine ya kizazi cha 6 si takataka. Itafanya kazi vema kwa Linux. Lakini bei yake iwe ya kizazi cha 6.

2. Pimeni betri kwa hesabu, si kwa maneno. Katika Windows, andikeni amri powercfg /batteryreport. Mashine itatoa ukurasa wenye tarakimu mbili: akiba ambayo betri ilikuwa nayo ikitoka kiwandani, na akiba ya leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya leo ni 20,000, mmepata neno la kupunguzia bei.

3. Chukueni jina kamili la mashine, mkamwulize fundi ambaye si ndugu wa muuzaji: RAM yake yatoka? Diski yatoka? Betri yake yapatikana Bujumbura, Bukavu au Dar es Salaam? Mashine ifunguliwayo ambayo vipande vyake havipatikani ni sawa na mashine iliyofungwa.

4. Angalieni tundu la chaja. Mashine ichajiwayo kwa USB-C ina faida, kwa kuwa chaja zake ni nyingi, tena yaweza kupata umeme kutoka betri ya kubebea yenye nguvu ya kutosha, wati 45 au zaidi. Lakini msidanganyike kwa tarakimu. Betri ya kubebea iliyoandikwa 20,000 ina wati-saa 74 tu, na baada ya hasara ya njiani itaijaza kompyuta mara moja hivi.

5. Msinunue betri mpya kwa sababu ya urahisi wake tu. Betri za bandia ni nyingi, na rahisi hugeuka ghali. Iliyo njema hutoka kwa muuzaji akubaliye kuirudisha isipofaa.

Mwasema kwamba tarakimu hizi ni za wataalamu? Wafaransa tangu Januari 2021 wamewalazimisha wauzaji kuandika juu ya kompyuta za kubebeka alama ya kutengenezeka, kati ya 10. Na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 yataka kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vya kubebeka ziwe za kuweza kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Wenye umeme usiokatika wameliona neno hili kuwa na uzito, sisi je?

Kuitunza

Msiiache kompyuta juani wala ndani ya gari lililofungwa. Iwapo yakaa mezani imechomekwa siku zote, mashine nyingi zina mahali pa kuiamuru isijaze betri kupita 80 kwa mia; ifanyeni hivyo, betri itaishi zaidi. Umeme ukikatika, chomoeni chaja, maana unaporudi huweza kurudi kwa nguvu mno. Mashine yenye feni ifunguliwe na fundi mara moja kwa mwaka, vumbi lipulizwe.

Na betri iliyovimba, hata kidogo, isitumike tena hata siku moja. Msiitoboe, msiibonyeze, msiwaachie watoto waichezee. Yaweza kuwaka moto usiozimika upesi. Wala msiitupe ziwani au shimoni nyuma ya nyumba. Mpelekeeni fundi. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za namna hiyo, zaidi ya nusu ya ile ichimbwayo duniani yatoka katika nchi yetu hii ya Kongo; na koltani ya Kivu huingia katika vipande vidogo vya ubao mkuu. Mashine itupwayo kwa sababu betri yake haikuweza kubadilishwa huirudisha kazi ile ngumu kwa wachimbaji wetu mapema kuliko ilivyopasa.

Basi, baba na mama, mwendapo dukani na fedha zile za mbuzi, mwacheni muuzaji amalize sifa zake zote tatu. Akimaliza, mwombeni jambo moja: aigeuze mashine, awaonyeshe skrubu zake, awaambie ni kitu gani hutoka zikifunguliwa. Asipojua, ngojeni mpaka ampate ajuaye.